Usikimbilie Panapouma

Mtu akikuambia bega linamuuma, mkono wako utataka kwenda begani hapo hapo. Uzuie kwanza. Kazi ya mchua misuli huanza kwa masikio na macho. Mkono hufuata, ukiwa umeshajua unatafuta nini. Nakuandikia wewe unayemkanda mume, mke, mzazi au mwenzako wa kazini, na wewe pia unayelipa ili ukandwe na ungependa kujua kama mikono iliyo mgongoni mwako inajua inachofanya. Sitapita mwili mzima. Nitakaa zaidi shingoni na mabegani, maana huko ndiko kazi nyingi za siku hizi hutuumiza, na mengi utakayoyapata hapo yatakufaa kwingine.

Mkalishe mtu wako umpe nafasi ya kusema. Muulize maumivu yalianza lini, na kama yalikuja ghafla au polepole. Yanazidi asubuhi akiamka, au jioni akimaliza kazi? Analala ubavu gani? Muulize kazi yake, ila usiridhike na jina la kazi. Mwambie akuonyeshe anavyokaa akiifanya. Fundi cherehani akiketi mbele yako na kujifanya anashona, utaona mengi kuliko atakayokueleza: kidevu kimetangulia, mabega yamepanda karibu na masikio, mgongo umepinda, mkono wa mkasi umekaza ingawa mkasi haupo.

Kisha aonyeshe panapouma. Anayeonyesha kwa ncha ya kidole kimoja na anayepitisha kiganja kizima kutoka kisogoni hadi kiwikoni wanakueleza mambo mawili tofauti. Wa kwanza maumivu yake yana mahali. Anza kwa kuuliza kama aligongwa au aliteguka. Wa pili, mara nyingi, maumivu yamesafiri. Mwambie ayape namba, 0 ikiwa hayapo kabisa na 10 ikiwa hayavumiliki, uikumbuke namba hiyo. Mwisho ageuze shingo kulia, kushoto, ainue mikono juu. Tazama anaishia wapi. Bila kipimo cha kabla, baadaye hutajua kama umemsaidia au umempaka mafuta tu.

Sasa jambo ambalo sitaki ulipite haraka, maana yapo maumivu ambayo mkono wa mchua misuli haupaswi kuyagusa. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma sana inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kifua kinachobana, jasho jembamba, maumivu yanayopanda taya au kushuka mkono wa kushoto, huenda ni moyo. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kuuma, hasa baada ya safari ndefu ya basi, upasuaji au kujifungua, huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa. Ukilikanda, bonge hilo linaweza kung'oka likaenda kuziba mapafu na kuua. Mgongo unaouma mfululizo pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito unahitaji kupimwa kifua kikuu, maana kifua kikuu hushambulia hata pingili za uti wa mgongo, na katika nchi zetu hilo si jambo la kulisahau. Mtu aliyekufa ganzi katikati ya mapaja, au aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo au choo, hana muda wa kusubiri hata usiku mmoja. Mwenye selimundu aliyeshikwa na maumivu makali huanzia hospitali, na aliyeanguka au kupata ajali hupigwa picha ya mifupa kwanza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda mguse kwa wepesi sana, baada ya kumuuliza daktari wake. Palipo na kidonda, jipu au ngozi iliyoungua, mkono usipite.

Yasipokuwepo hayo yote, tuendelee na fundi wetu.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Kikikaa sawa juu ya mabega, mifupa ya shingo ndiyo hukibeba. Kikitangulia mbele, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukishikilia kisianguke, na hukishikilia kutwa nzima. Mambo ni hayo hayo kwa mwanafunzi aliyeinamia simu, karani aliyeinamia kompyuta, mama anayechambua mchele kwenye ungo na dereva wa bodaboda anayekaza mabega barabara yote. Misuli miwili ndiyo hulia zaidi. Mmoja ni mpana, unaanzia kisogoni, unatandaa mabegani na kushuka hadi katikati ya mgongo. Wataalamu huuita trapezi. Mwingine ni mwembamba, unatoka kwenye pembe ya juu ya fupa la bega, upande wa ndani, na kupanda hadi pingili za juu za shingo. Ukibonyeza kwenye pembe ile, wengi hushtuka na kusema, "Hapo hapo!"

Lakini zunguka mbele umtazame kifua. Aliyeinama kwa miaka, misuli yake ya kifuani imefupika, nayo huvuta mabega mbele saa zote. Misuli ya nyuma imenyooshwa, imechoka, inalalamika. Ya mbele imefupika na imekaa kimya. Ukikanda inayolalamika peke yake, mtu atashusha pumzi, atakushukuru, na kesho jioni atarudi na bega lile lile. Hapa ndipo naona kazi nyingi za kukanda zinaharibika: mtu hulipia saa nzima, mgongo ukasuguliwa mpaka ukawa mwekundu, na kifua hakikuguswa hata mara moja.

Maumivu yenyewe hayakai nyumbani kwake. Daktari wa Marekani Janet Travell, aliyewahi kuwa tabibu wa Rais John F. Kennedy, alitumia miaka mingi kuchunguza vinundu vinavyojikusanya ndani ya misuli, na mwaka 1983 yeye na David Simons walitoa kitabu kikubwa chenye michoro ya mahali kila kinundu kinapopeleka maumivu. Kinundu cha juu ya bega, kwa mfano, huweza kupandisha maumivu pembeni mwa shingo hadi kwenye panja. Wapo wanaomeza vidonge vya kichwa kila wiki na hawajawahi kuguswa bega. Wataalamu bado wanabishana vinundu hivyo ni nini hasa. Kwamba maumivu husikika mbali na yanakotoka, hilo utalihakikisha kwa vidole vyako: utabonyeza begani, na mtu atakuambia anasikia sikioni.

Jambo lingine litakalobadilisha namna unavyobonyeza ni hili. Ulipojigonga goti ukiwa mtoto, ulilisugua bila kufundishwa, na likapoa kidogo. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza sababu: taarifa za mguso, zikifika kwenye uti wa mgongo, huweza kupunguza taarifa za maumivu zinazopanda kwenda ubongoni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nafuu anayoipata mtu mikononi mwako haitokani na kuvunja kitu ndani ya nyama. Mfumo wake wa fahamu umeshawishika kwamba hakuna hatari, umeacha kukaza. Anayeelewa hivyo hapigani na msuli.

Ndiyo maana maandalizi yana uzito wake. Mtu anayeogopa kwamba mlango utafunguliwa wakati wowote hatalegea. Funga mlango, tandika mkeka au godoro jembamba juu ya kitu kigumu, mfunike kwa kanga na ufunue sehemu unayoifanyia kazi tu. Kama ni mwanamke na angependa akandwe na mwanamke mwenzake, basi na iwe hivyo bila mjadala. Kata kucha, vua pete na saa, nawa mikono, uipashe moto. Asiwe ametoka kula sasa hivi. Kwa shingo na mabega hahitaji hata kulala: akae kiti kwa kukigeuza, kifua kikiegemea mgongo wa kiti, paji la uso juu ya mto uliowekwa mezani.

Mafuta ya nazi au ya ufuta yanatosha, na kidogo tu, maana yakizidi mkono huteleza bila kuushika msuli. Mafuta ya karafuu, yanayosifika Unguja na Pemba, yana uwezo wa kutia ganzi, lakini yakipakwa bila kuchanganywa huunguza ngozi. Tone moja au mawili ndani ya kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi yanatosha, na yajaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono wake. Wajawazito na watoto usiwapake. Dawa za kuchua zinazoleta joto zisitumiwe pamoja na chupa ya maji ya moto, kwa sababu ngozi iliyotiwa ganzi haijui inapoungua.

Anza na viganja vizima, polepole, kutoka shingoni kwenda mabegani, kushuka mgongoni pembeni mwa uti, kisha kurudi. Dakika 5 nzima za hivyo tu. Watu wengi huziruka wakidhani ni za kupoteza muda, kumbe ndizo ambazo mkono wako unasoma: wapi pamekaza, wapi pana joto, upande upi umejaa kuliko mwenzake. Huko Japani kazi hii kwa karne nyingi ilikuwa mikononi mwa vipofu, wala sishangai. Funga macho kama yanakusumbua.

Msuli ukishapata joto, ushike ule wa juu ya bega kati ya gumba na vidole, uunyanyue, uubane na kuuachia, kama unayekanda unga wa maandazi. Nenda kutoka shingoni kuelekea ncha ya bega, kisha bega la pili, hata kama haliumi. Ukikutana na kinundu, usikikimbize huku na huko. Weka gumba au ngumi juu yake, ongeza uzito taratibu hadi aseme namba, na ukae hapo sekunde 30 hadi 60 bila kusogea. Mwambie avute pumzi kwa pua na aitoe taratibu kwa mdomo. Namba isipande juu ya 6. Mara nyingi, ukiwa umetulia, itashuka yenyewe chini ya kidole chako. Hapo ndipo uondoke. Isiposhuka, punguza uzito.

Najua wengi wanaamini kwamba kukandwa kusikouma hakuponyi. Nalipinga hilo kwa moyo wote. Maumivu yakizidi, mwili hujikaza kujilinda, na wewe unafanya kazi dhidi ya kile unachokitafuta. Alama za bluu mgongoni ni jeraha. Ibn Sina, katika kitabu chake cha tiba Al-Qanun, alikwishaeleza takriban miaka elfu moja iliyopita kwamba kuchua kwa nguvu huukaza mwili na kuchua kwa ulaini huulegeza. Tena wazee wetu ni wavumilivu mno. Ukimuuliza mama, "Panauma, mama?" atakujibu, "Endelea tu mwanangu," huku vidole vya miguu vimejikunja. Viamini vidole vya miguu.

Kwa kisogo, mlaze chali. Kaa kichwani pake, ingiza vidole vyako chini ya kichwa mpaka ncha ziguse ule mstari ambapo fuvu linakutana na shingo, kisha acha uzito wa kichwa chenyewe ufanye kazi. Usisukume. Dakika 2 au 3 za kutulia hapo huwafaa sana wenye kichwa kinachouma kwa kubana. Akiwa bado chali, hamia kifuani: chini ya mtulinga, kuelekea bega, bonyeza kwa kiganja au ngumi laini na kuvuta nje polepole, naye mkono wake ukitandazwa pembeni. Usiingie kwapani, kwani kuna mishipa ya damu na ya fahamu iliyopita juu juu. Mwanamke anaweza kufanya sehemu hii mwenyewe, kwa vidole vyake au kwa mpira wa tenisi aliouegemeza ukutani.

Sehemu ya mbele ya shingo iache kabisa. Mishipa mikubwa ya damu iendayo ubongoni imepita hapo, na kuibonyeza kunaweza kumfanya mtu azimie, au kumletea mzee kiharusi. Kuipindua shingo ghafla mpaka ilie, kama wafanyavyo baadhi ya vinyozi baada ya kunyoa, nako kukatae, wewe unayekanda na wewe unayekandwa. Mshipa wa damu unaopita ndani ya mifupa ya shingo unaweza kuchanika, na huo mlio haukuponyi kitu.

Malizia na mkono wa kazi. Fundi anayeshika mkasi, mpishi anayekoroga ugali, mwandishi wa kompyuta, wote wana misuli iliyokaza kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Kanda hapo kwa kiganja, fungua vidole kimoja kimoja. Halafu mwinue, ageuze shingo tena, aseme namba tena. Akiwa alifika nusu na sasa anafika begani, umepata njia. Akiwa vile vile, wiki ijayo tafuta mahali pengine, usirudie kwa nguvu zaidi.

Kiuno nacho kina tabia hiyo hiyo ya kulalamikia makosa ya wengine. Kabla ya kukikanda, kanda makalio na nyuma ya mapaja, hasa kwa anayekaa kutwa. Usibonyeze uti wenyewe, wala pale chini ya mbavu za nyuma kwenye figo kwa uzito mkubwa. Bibi mwenye umri huenda mifupa yake imekuwa miepesi na hunyamaza mpaka ivunjike. Kwake viganja vya joto vinatosha. Mjamzito alale ubavu, afadhali wa kushoto, na tumbo lisikandwe na mtu yeyote kwa nia ya kumgeuza mtoto. Hilo ni la kliniki.

Ukimaliza, mwache alale dakika chache, ainuke taratibu akianzia ubavuni, maana wengine hupata kizunguzungu. Kuuma kidogo kwa siku moja au mbili, kama baada ya kulima, si tatizo. Atakunywa maji kwa kuwa ana kiu. Usimwambie kwamba umemtoa sumu mwilini, kwa sababu kazi hiyo ni ya figo na ini, na mtu anayekuamini anastahili ukweli.

Lakini nusu ya tiba iko kwenye kiti chake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu ya muda mrefu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kukandwa kumo kati ya tiba zinazoweza kutumika, pamoja na elimu na mazoezi. Kukandwa peke yake hakuondoi kile kinachokaza kila siku. Kwa hiyo nenda na fundi hadi kwenye cherehani. Kiti chake kimeinuliwa kiasi kwamba viwiko vinakaa sawa na meza? Taa iko wapi, isije ikawa anainama kwa sababu haoni? Simu ainyanyue usawa wa uso, alale na mto mmoja unaojaza nafasi kati ya bega na kichwa. Kila anapobadilisha uzi, asimame, arudishe kidevu nyuma mara 10 bila kukiinua, kisha asimame mlangoni, mikono imeshika miimo, kifua kikitangulia, ahesabu hadi 30. Mafundi wengi wataacha wiki ya pili. Mkumbushe kila anapokuja.

Mara moja kwa wiki, kwa nusu saa, inatosha nyumbani. Ukiona wiki 4 zimepita bila mabadiliko yoyote, au mkono umeanza kufa ganzi na kukosa nguvu, mwambie aende kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, na usilichukulie kama kushindwa kwako.

Nawe jilinde. Gumba ni kiungo kidogo na wachua misuli wengi hulimaliza mapema kwa kulitegemea. Simama, tanguliza mguu mmoja mbele, uzito utoke kwenye miguu na kiuno, mikono ikiwa imenyooka bila kukakamaa. Palipo na misuli minene tumia sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kiganja. Gumba likianza kukuuma usiku, lipumzishe hadi litulie, na wiki hizo fanya kazi kwa viganja na ngumi tu.